Safu ya Tatu, Karibu na Handaki

Wiki iliyopita mjukuu wangu Shiru alikuja kwangu hapa mtaani Landless, Thika, na kazi ya shule. Siku hizi kazi ya shule ya mtoto mmoja ni kazi ya ukoo mzima. Mwalimu wao anataka chati ya viwanja vizuri vya kandanda duniani, na Shiru, ambaye ndiye golikipa wa darasa lao na hapendi mtu asahau hilo, alikuwa amechapishiwa picha saba kule mjini. Gundi ndiyo hakuwa nayo. "Cucu, duka imefungwa," akaniambia, na uso kama wa mtu aliyefiwa. Nikamwambia, "Wee, acha kunililia hapa. Kwani unga wa ngano umeisha Kenya?" Nikatia unga kwenye sufuria, maji, nikaanza kukoroga.

Nilidhani nakoroga gundi tu. Lakini mvuke uliponipiga usoni, ile harufu ya unga wa ngano unaoanza kuiva bila mafuta wala sukari, nikaacha kukoroga. Nikakaa kwenye kigoda na mwiko mkononi. "Cucu, inaungua!" Shiru akapiga kelele. Iungue. Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Nilikuwa katika nyumba ya udongo ng'ambo ya mto Ruiru, na baba yangu amepiga magoti sakafuni, anapaka gundi nyuma ya picha kwa kidole, taratibu, na hataki mtu ampumulie karibu.

Baba alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Nyumba ile ilikuwa ikiletewa magazeti ya picha kutoka Ulaya, na yakishasomwa yanakuwa ya kuwashia moto. Baba aliyawashia moto yote isipokuwa kurasa za mpira. Hizo alizikunja akazitia ndani ya shati, na Jumapili baada ya kanisa akazibandika katika daftari kubwa lenye jalada jeusi. Wachezaji hakuwabandika. Wachezaji huzeeka, alisema, lakini uwanja unabaki. Alibandika viwanja peke yake.

Uwanja wake mwenyewe ulikuwa nyuma ya kiwanda cha kumenyea kahawa. Goli lilikuwa miti mitatu ya mkaratusi, na upande mmoja mpira ukitoka ulitumbukia kwenye mtaro wa maji ya maganda ya kahawa. Ukirudishwa unanuka kama pombe iliyoharibika, na aliyeupiga kichwa alinuka hivyo mpaka Jumatano. Baba ndiye aliyekaa golini. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kiliwahi kuvunjwa na mpira kikapona kikiwa kimepinda, na mchezo ukiwa upande wa pili alikuwa na tabia ya kusimama ameshika shavu kwa mkono huo, kama mtu anayeumwa na jino.

Winga wa kulia alikuwa mjomba wangu Kamau, mdogo wa mama, aliyekuwa akikaa kwetu. Huyo alikimbia kuliko wote, na hakuna siku alimaliza mchezo bila njugu. Nusu ya kwanza ikiisha alishavuka barabara kwenda kwa mama wa njugu, na mara nyingine hata haikuwa imeisha. "Kamau! Utafungisha watu kwa sababu ya tumbo!" Baba alimkemea kutoka golini. "Shemeji, gari bila petroli linaenda?" Kamau alimjibu, mdomo umejaa. Zilizobaki aliniletea mimi ndani ya karatasi iliyokunjwa, na zilikuwa chache kila siku. Nilimpenda vibaya sana.

Halafu asubuhi moja, miaka ile ya vita vya msituni, malori ya askari wa mkoloni yalikuja. Nyinyi wa rika langu mliokulia upande huu hamhitaji nieleze ni malori gani. Wanaume wote wa shamba waliamriwa wakae chini pale uwanjani, safu kwa safu, mikono kichwani, na mtu aliyevalishwa gunia lenye matundu mawili ya macho akapitishwa mbele yao. Akitikisa kichwa kwa mtu, mtu huyo anainuliwa. Mimi nilikuwa nimeshika nguo ya mama, tunatazama kutoka kwenye mibuni. Niliona Baba na Kamau wamekaa bega kwa bega, nikadhani wanangoja mpira uletwe. Lile gunia lilipowafikia likatikisika mara mbili. Walipopandishwa kwenye lori Kamau aligeuka akanipungia mkono, nami nikampungia nikicheka, kwa sababu kwetu kupanda gari ilikuwa bahati.

Baada ya hapo nyumba zetu zilichomwa, tukakusanywa katika kijiji kimoja kikubwa upande wa Witeithie ya sasa. Mama aliokoa vitu vitatu: jembe, chungu, na lile daftari, akalizika ndani ya kiondo chini ya maharagwe. Kijiji kilizungushiwa handaki lenye kina cha kumpita mtu, na chini yake ikasimikwa mianzi iliyochongwa ncha. Handaki hilo lilichimbwa na wanawake, mama yangu akiwa mmoja wao, kuanzia alfajiri hadi filimbi ya jioni. Kulikuwa na mlango mmoja, na juu ya mlango mnara wa mbao, na juu ya mnara homgadi, mlinzi mwenyeji aliyeajiriwa na serikali, na bunduki yake.

Nilimuuliza mama Baba alipelekwa wapi. Alikuwa ametoka kuchimba, udongo mwekundu umempanda mpaka viwiko, hana nguvu hata ya kunidanganya vizuri. "Yuko mahali kama hapa," alisema. "Pana handaki, pana mnara, pana askari, na wanaume wengi wamekaa. Kula."

Nikala. Lakini akili ya mtoto hailali njaa wala shibe. Kesho yake mama alipokwenda kuchimba nilishusha kiondo, nikafukua maharagwe, nikafungua daftari la Baba. Sikuwa nimeanza shule, sikujua kusoma hata jina langu. Ukurasa wa kwanza, askari amepanda farasi mweupe, na mbele yake wanaume wengi mpaka huoni ardhi, naye anawasukuma nyuma. Ukurasa wa pili, mnara mrefu kuliko wetu mara kumi. Ukurasa wa tatu, duara kubwa la wanaume wamekaa safu kwa safu, na mbele yao, likizunguka lote, handaki.

Ngai! Nikafunika daftari. Niliona wazi kwamba hapa si mahali patatu, ni mahali pamoja palipopigwa picha mara tatu. Ni kule kwa Baba. Tena alikuwa na picha zake tangu zamani, kwa hiyo alijua atakwenda, nikamkasirikia kidogo kwa kutotuambia.

Ukubwani, nikiwa mwalimu, nilikuja kuvisoma viwanja vile kimoja kimoja, kama mtu anayewatafuta ndugu zake. Wenye farasi ulikuwa Wembley, Uingereza. Siku ya fainali ya kwanza watu walijaa wakamwagika mpaka katikati ya uwanja, na polisi mmoja na farasi wake wakawarudisha kwa upole mpaka mistari ikaonekana. Kwa upole, wenzangu! Mimi farasi wa askari niliyemjua hakuwa wa upole. Wenye mnara ulikuwa ule wa Montevideo, Uruguay, uliojengwa kwa miezi michache, usiku na mchana, hata mashindano ya dunia yakaanza saruji haijakauka. Kijiji chetu nacho kilijengwa mbiombio hivyo hivyo. Na ule wa handaki ulikuwa Maracanã, Rio, uliokuwa mkubwa kuliko vyote. Handaki lile lilichimbwa ili watazamaji wasiwavamie wachezaji. Hakukuwa na mianzi ndani.

Lakini haya yote sikuyajua wakati ule. Nilichoona ni kwamba kwenye picha ya Maracanã watu wengine walikuwa weusi kama sisi. Kwa hiyo Baba atakuwa hapo. Nilimtafuta siku ngapi sijui, pua yangu imegusa karatasi, kichwa baada ya kichwa, vingine vidogo kama ulezi. Nikampata. Safu ya tatu, karibu na handaki, mtu mwembamba ameshika shavu kwa mkono wa kushoto. Nilichukua mwiba nikatoboa tundu dogo kando ya bega lake, si juu yake nisije nikamdunga, ili asinipotee tena.

Mama aliporudi hata sikumngoja anawe. "Maitu, nimemwona Baba!" Alishtuka akatazama mlangoni. Nikamfungulia ukurasa nikamwonyesha. Leo najua kwamba mama alijua fika picha zile ni za nini, maana alikuwa pale kila Jumapili, ndiye aliyekoroga gundi. Aliinama akatazama kwa muda mrefu. Nikaogopa.

"Si ndiye?" nikamuuliza. "Ona mkono."

"Ndiye," mama akasema. "Amekonda."

Nikafurahi mpaka nikaruka. Nikamwambia, "Na wanawake wa huko wamechoka kuliko nyinyi. Ona handaki lao lilivyo refu!" Mama akacheka. Tangu lori liondoke hakuwa amecheka. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa kitambaa, mabega yakimtetemeka, na mimi mjinga nikajiona hodari kwa kumchekesha namna ile.

Tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya uji, tulimsalimia Baba. Mama alifungua ukurasa akampa habari: maharagwe yameota, mtoto ameng'oka jino, bati la kanisa limevuja. Alizungumza naye kama mtu aliyeketi pale kwenye kigoda. Kisha siku moja nikaona kando ya tundu langu kuna tundu jingine, limekaribiana nalo. Nikawaka. "Mende wanakula kambi ya Baba!" Nikachukua kiatu nikawasaka nyumba nzima, chini ya kitanda, nyuma ya chungu. Mama alikuwa akichambua mboga, hakuinua kichwa. "Waache mende," alisema. "Hawajala mtu."

Nusura daftari lile lituponze. Siku ya msako homgadi mmoja aliingia kwetu, akamwaga kiondo, likaanguka. Karatasi wakati ule ilikuwa hatari, mtu angeweza kukamatwa kwa ajili ya kipande tu chenye maandishi. Homgadi akafungua kurasa. "Hii ni nini?"

"Ni kambi ya Baba," nikamjibu mimi, mdomo mbele. "Yuko hapo, safu ya tatu. Usimguse."

Mtu yule tulimjua. Alikuwa akichezea timu ya shamba la mkonge la upande wa Thika, na Baba aliwahi kumdakia penalti mbele ya mchumba wake. Alitazama picha, akatazama tundu, akamtazama mama. "Ee," alisema mwishoni. "Ni kambi kweli. Naona anadaka bado." Akaliweka daftari juu ya kitanda, hakulitupa, akatoka. Mama aliketi chini palepale kwenye maharagwe yaliyomwagika.

Nilikuwa nimeshaanza shule Baba aliporudi alasiri moja, kwa miguu, ameshika kikombe cha bati na kijikaratasi chenye mhuri. Alikuwa mwembamba kuliko hata yule wa kwenye picha. Alikuwa peke yake. Nakumbuka mama alimshika mikono yote miwili, lakini macho yake yalipita juu ya bega la Baba yakaenda mlangoni pa kijiji, yakakaa huko mpaka homgadi akafunga mlango. Hakuuliza kitu.

Kwetu mtu aliyetoka mbali hatwangwi maswali ya msiba akiwa na vumbi miguuni. Hunyweshwa uji, hupumzishwa. Na mwenye habari ya kifo naye haitamki wazi, huizungukazunguka, na jina la marehemu hulikwepa kama kaa la moto. Basi siku ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu. Baba anakunywa uji, anatazama ukuta. Mama anakoroga, anatazama chungu. Neno la Kamau likawa limekaa katikati yetu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuligusa. Mimi nilidhani wamegombana.

Siku ya nne nikaona nisuluhishe. Nikaleta daftari nikalifungua kwenye magoti yake. "Baba, tulikuwa tunakuona kila siku. Ulikuwa hapa. Safu ya tatu, karibu na handaki."

Baba alitazama picha. Nilikuwa na hofu kwamba atacheka, maana wenzangu shuleni walikuwa wameanza kunicheka. Hakucheka. Aliweka kile kidole chake kilichopinda juu ya tundu.

"Ndiyo," alisema polepole. "Nilikuwa hapo. Nani alinitambua?"

"Mimi! Kwa vile unavyoshika shavu."

"Una macho wewe." Kisha kidole kikasogea kidogo. "Na hili la pili?"

"Hilo ni mende," nikamwambia.

"Si mende," mama akasema. Alikuwa ametupa mgongo, anakoroga. "Ni Kamau. Nilimweka kando yako asikae peke yake."

Baba alilifunika tundu lile kwa kidole, akakiacha hapo.

"Ulimweka mahali pake," alisema. "Tulikaa hivyo hivyo, bega kwa bega. Lakini yeye alitoka kabla ya mchezo kuisha."

Mwiko ukasimama. "Alitoka akitembea?"

"Nilimbeba mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Sikumwachia mtu mwingine."

Mama alikoroga tena mara mbili, tatu. "Basi asante," akasema, akamimina uji kwenye kibuyu, akampa mumewe kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa yote, au nilidhani hivyo. Kamau kutoka kabla ya mchezo kuisha? Hiyo nayo ilikuwa habari? "Alienda kununua njugu!" nikapiga kelele, nikifurahia kwamba mjomba hajabadilika hata kule. Midomo ya Baba ilitetemeka, nikafikiri anataka kucheka. "Ee," akasema. "Alienda njugu." Mama akachukua debe akatoka kwenda kuteka maji, na debe lilikuwa limejaa maji, yakawa yanammwagikia mguuni njia nzima.

Nilimngoja Kamau kwa miaka. Kila nilipopita kwa wauza njugu wa Thika nilitazama nani anachagua, kama amekuwa mrefu, kama atanitambua. Hakuna aliyenieleza. Nilielewa nikiwa msichana mkubwa, nimeinama njiani kufunga kamba ya kiatu, hivi hivi tu, likaniingia lote kwa pamoja. Nililia pale mtaani Kamenu mpaka wenzangu wakadhani nimeumwa na nyoka.

Baba hakusimama golini tena. Akiulizwa na watu habari za kambi, alisema, "Tulikuwa wengi, uwanja ulijaa," basi. Nilikuja kusoma kwamba kwenye uwanja ule wa Rio, siku ya mchezo wa mwisho, wenyeji walifungwa mbele ya watu wao, na ule umati wote ukakaa kimya, husikii hata mtoto. Na golikipa wao alilaumiwa mpaka anaingia kaburini kwa bao moja lililompita. Niliposoma hilo nilifunga kitabu nikamkumbuka Baba, nikamlilia upya. Yeye alitangulia. Mama alipofuata, aliacha neno moja tu: daftari liwekwe chini ya kichwa chake. Tukaliweka.

Kwa hiyo sikuwa nimeiona Maracanã kwa miaka mingi mpaka Shiru alipoitandaza mezani kwangu wiki iliyopita. Gundi ya pili ilikuwa imeiva vizuri. Picha ni ya rangi, imepigwa uwanja ukiwa mtupu, viti vya manjano na buluu vinameta.

"Hii ndiyo noma, Cucu," Shiru akasema. "Si ni safi?"

"Handaki liko wapi?"

"Handaki gani?"

Wamelifukia. Hata letu lilifukiwa, juu yake kuna maduka sasa, na watu wananunua sukari hapo bila habari. Niliivuta picha karibu na dirisha. Nikaanza kuhesabu safu kutoka chini, moja, mbili, tatu, nikaenda na kidole mpaka nikapaona. Nikatoa pini kwenye kitambaa changu cha kichwa, nikatoboa tundu moja. Halafu kando yake, karibu kabisa, la pili.

"Cucu! Ai, Cucu, unaharibu chati yangu! Sasa mwalimu akiniuliza nitamwambia ni nini?"

Nikarudisha pini kichwani.

"Mwambie ni mende."